Jumla Hailingani

Kiswahili nilikipata kambini Jinja,
baba akiwa sajini, mama akiuza mandazi langoni.
Kikiga sina. Kwa hiyo Hamurwa nilipanda
na Kyarisiima, binti wa huko, awe ulimi wangu.
Nyumba arobaini, siku sita,
kishikwambi kimoja, kioo kimepasuka pembeni.

Bi Keihangwe tulimkuta akichambua mbegu za viazi,
vyenye macho kushoto, vilivyooza kulia.
Hakuinuka. Alitusogezea gunia tukae.

Swali la kumi na nne nalijua kama sala:
Watoto uliowazaa, wote, hata aliyeishi siku moja?
"Saba."
Walio hai?
"Watano."
Waliofariki?
Kiazi kikazunguka mkononi mwake, kikazunguka.
"Mmoja."

Kishikwambi kikalia, kikaandika kwa wekundu:
JUMLA HAILINGANI. HAKIKI TENA.

Nikahakiki, kwa upole niliofundishwa
semina ya siku tatu hotelini Mbarara.
Saba. Watano. Mmoja.
Kyarisiima akaacha kutafsiri.
Alikuwa anatazama nyuma ya jiko,
penye shimo la mti uliong'olewa na mizizi yake,
majivu hayajapigwa mvua,
na mistari ya mtama, ikilifikia shimo, inapinda,
kama watu wanavyopinda.

Mti wa namna hiyo hauachiwi hata kisiki.
Hakuna matanga, hakuna anayenyolewa.
Jina linarudishwa lilikotoka,
na mama akiulizwa hesabu
amezaa saba, amezika mmoja.

Nilitaka kumwuliza kwa nini. Ndiyo kazi yangu, kwa nini.
Ninazo sababu kumi na mbili zenye namba,
na ya kumi na tatu ni "Nyingine, taja."
Ardhi? Wana wa kiume wanne, na kilima kimekatwakatwa
hadi tuta la mwisho lina upana wa mkeka.
Deni la pikipiki? Mke aliyerudi kwao? Waragi?
Wenye shahada wanasema familia kubwa ni ukuta,
mtu haangukii nje.
Wengine, wenye shahada vilevile,
wanasema ukuta huohuo hubana.
Bi Keihangwe alisema jambo moja, wala halikuwa jibu:
"Huyo ndiye aliyekuwa akinichagulia mbegu."

Nikampigia msimamizi. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu.
"Weka sita," akasema. "Sita, usonge mbele, giza linaingia."
Nikarudi. Mama, niandike sita?
Kyarisiima akatafsiri kwa sauti ya mtu anayeiba.
Bi Keihangwe akanitazama, mara ya kwanza mchana ule,
akahesabu, si vidoleni, tumboni,
kiganja juu ya kitenge,
akikiinua na kukishusha,
na wa sita alipofika hakukiinua upesi.

Sikuweka sita.
Saba mashine ilikataa.
Fomu ikabaki nusu, na nusu haihesabiwi.

Desemba, Kampala, jedwali likatoka, karatasi ya kung'aa,
nchi juu ya nchi: wastani wa uzazi, ukubwa wa kaya,
na safu ya mwisho, ya wanaojiondoa.
Kwetu pana nyota ndogo.
Ifuate hadi chini ya ukurasa: takwimu hazitoshi,
fomu mia na kumi na moja zimeachwa kwa kutokamilika.
Wakubwa walisema hilo halibadilishi wastani.
Kweli halibadilishi. Nimepiga hesabu mwenyewe, mara mbili.

Jina Kyarisiima alinitajia tulipokuwa tukishuka,
uso kaugeuzia bonde.
Lipo katika daftari langu, kwa penseli,
kati ya nauli ya boda, elfu nane,
na viazi kilo mbili
ambavyo yule mama alikataa kulipwa.